Mwaka wa 11 nalea panya weupe wa maabara hapa Dar: karibuni niwasimulie, maswali ruksa

MzeeWaVizimba

Heshima kwenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Wiki iliyopita nimo kwenye daladala ya Mbagala, jioni, tumebanana, simu ikaita. Ni kijana ninayepokezana naye zamu. Nikamwambia, "Hakikisha wote wana maji. Na yule mama wa kizimba cha tisa usimguse kabisa, amejifungua leo asubuhi, ukimtibua atakula watoto." Dada niliyekaa naye akaacha kutafuna korosho zake. Akaniuliza taratibu, "Kaka, unafanya kazi wodi gani hiyo?" Nikamjibu kwamba mzazi mwenyewe ni panya. Alishuka Mtongani, na sidhani kama ndiko alikokuwa anakwenda.

Basi nikaona bora nianzishe uzi. Mimi ni mhudumu wa wanyama wa maabara, hapahapa Dar. Taasisi siitaji, msinichokonoe. Ninao panya weupe wadogo, panya wakubwa wa ukoo wa Wistar, sungura na simbilisi. Watafiti huja na madaftari yao, hupima dawa zao, huandika, huhitimu, hupigwa picha na majoho. Sisi wa mabandani hatumo kwenye picha na wala sidai tuwemo. Ninachosema ni hiki: utafiti wako hauwezi kuwa mzuri kuliko Jumapili ya panya wako. Jumapili, Idi, Krismasi, siku ya uchaguzi. Siku ambayo hayupo profesa wala mwanafunzi, yupo mtu mmoja na ndoo yake.

Nianze na joto, maana ndilo lililowahi kunikata maini.

Panya wa maabara anataka chumba cha nyuzi 20 hadi 26. Dar yetu mnaijua. Mwaka mmoja, wikiendi ya Pasaka, umeme ulikatika usiku wa Jumamosi ukarudi baada ya dakika chache tu. Kiyoyozi tulichokuwa nacho wakati ule kikizimika hakijiwashi mpaka mtu akakibonyeze. Mlinzi aliona taa zimerudi, akaridhika, angejuaje? Mimi nilikuwa nyumbani kwa ruhusa. Aliyepangwa zamu ya Jumapili hakufika, ila kwenye daftari sahihi yake ipo, ameiweka Jumatatu. Jumatatu hiyo asubuhi nafungua mlango, hewa ikanipiga usoni kama ya tanuri la mikate. Panya 43 wamekufa. Manyoya ya shingoni na kifuani yamelowa chepechepe, kwa sababu panya hana jasho la kumpoza kama letu, akizidiwa na joto hujipaka mate mwilini. Walikuwa wamejipaka mpaka mwisho.

Ripoti iliandikwa "hitilafu ya kiufundi". Mwanafunzi mwenye panya hao alikuwa amebakiza wiki mbili kumaliza kazi ya miezi sita. Sikuwa na la kumwambia. Nilimnunulia soda tukakaa kimya pale kwenye ngazi.

Siku hizi ukutani kuna kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini la usiku kucha, namba yangu imebandikwa kibandani kwa mlinzi, na mlinzi amefundishwa kubonyeza. Gharama yote haikuzidi kuku watatu wa kisasa. Ilibidi wafe 43 ndipo pesa ya kuku watatu ipatikane.

Ngoja nile kwanza, nitaendelea.

KigogoBoy

Kumbe mwenyekiti wa lile genge la Panya Road tunaye humu 😂😂 Naweka kiti, endelea mkuu.

Bint_Mtoni

Kaka pole na hao 43, lakini mbona unawasikitikia waliokufa kwa joto wakati hao wengine unawalea mkawachome sindano mwishowe muwaue? Sisi tumekua tukisimuliwa madrasa habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Ninyi mnafungia kwa mamia. Sikuulizi kwa ubaya, nataka kuelewa unalalaje.

MzeeWaVizimba

Dada yangu Bint_Mtoni, asante kwa kuuliza bila matusi, maana wengine wameshaniletea huko sanduku la ujumbe.

Hadithi ya paka nami nimekua nayo, na nikiitazama naona adhabu ilimkuta pale aliposahau chakula na maji. Mimi ndiye ninayelipwa nisisahau.

Kuhusu kuua sitakuficha, wengi huishia hivyo. Mwaka 1940, mwezi Mei tarehe 25, kule Oxford walichukua panya wadogo wanane wakawachoma vijidudu vya kuwaua. Wanne wakapewa penisilini, wanne wakaachwa. Kijana mmoja aitwaye Norman Heatley alibaki nao usiku ule, na kufika saa tisa na nusu za usiku wale wanne wasiopewa dawa walikuwa wamekufa wote, waliopewa wapo hai. Sindano ya "peni" tuliyodungwa utotoni sote imepita pale. Kila mtu anamtaja Fleming, aliyeigundua penisilini kwenye ukungu wake, mimi namwaza Heatley aliyekesha kwenye vizimba.

Lakini hiyo siyo ruhusa ya kufanya utakavyo. Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliandika mwaka 1959 mambo matatu ambayo mpaka leo kamati za maadili huyauliza: je, unaweza kupata jibu bila mnyama? Kama huwezi, je, unaweza kutumia wachache zaidi? Na hao wachache, umefanya nini wasiumie? Hapa kwetu ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na vipimo vyenyewe vimebadilika. Zamani ukitaka kujua sumu ya dawa ulikuwa unatafuta dozi inayoua nusu ya kundi, unahesabu maiti. Huo ulikuwa mtindo tangu 1927. Mwongozo wa kimataifa uliokuwa unautaka ulifutwa 2002, na sasa njia nyingine unampa mnyama mmoja kwanza, unamtazama, ndipo unamwendea wa pili. Kuna kazi niliyoona imeisha kwa panya watano.

Nalalaje? Baadhi ya siku vizuri.

MtiShamba

Mzee wangu shikamoo. Mimi nasoma shahada ya uzamili, nafanyia kazi mti mmoja ambao waganga wanautumia kwa kisukari. Panya wangu ni wakubwa, Wistar, na wale wa kundi la kulinganishia, wasiopewa kitu chochote, sukari yao inapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Msimamizi anasema mashine mbovu, nimenunua vijiti vipya vya kupimia na hali ni ileile. Nakamata mkiani kama tulivyofundishwa, nachoma ncha ya mkia, napima. Nakosea wapi?

MzeeWaVizimba

Marhaba mwanangu. Mashine haina kosa, kosa ni mkia.

Panya akiogopa sukari inapanda, kama wewe ukikurupushwa na mbwa. Wewe unafungua wavu, mkono unashuka kutoka juu kama mwewe, unamning'iniza, unamchoma. Hapo unapima mti au unapima mwewe? Mwaka 2010 watu wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Jane Hurst na Rebecca West, walionyesha kwamba panya wadogo wakiinuliwa kwa viganja vilivyokingwa, au wakiingia wenyewe kwenye bomba ukawabeba nalo, hofu inapungua na wanamjia mtu wenyewe. Wanaokamatwa mkiani wanakimbilia kona. Nilipolisikia hilo nilikwenda Kariakoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba vipande vya bomba la plastiki la maji taka, nikakata vya urefu wa kiganja na vidole, nikasugua kingo. Kipande kimoja kila kizimba, kinalala humohumo, kinakuwa nyumba yao. Siku ya kupima unainua nyumba na mwenyewe ndani.

Wako ni wakubwa, Wistar, hao wazoeze mkono kabisa. Wiki nzima kabla ya jaribio, kila siku, dakika chache, unamshika kifuani na mkono mwingine unamkinga chini ya matako. Bila sindano, bila kipimo. Anajifunza kwamba mkono huu siku nyingi haumchomi. Na mkubwa usimbebe mkiani hata kidogo, ngozi ya mkia inaweza kuchomoka kama soksi. Nimeiona mara moja, sitaki tena.

Swali jingine: nani anayepima? Ni wewe kila siku au mnapokezana na kaka fulani? Kuna utafiti wa Montreal, 2014, uliokuta panya wakinusa mwanamume, hata fulana aliyoivaa tu, wanaingia kwenye mfadhaiko mpaka maumivu yanapungua makali, na kwa harufu ya mwanamke hilo halitokei. Kwa hiyo Jumatatu ukipima wewe na Jumanne akapima yeye, hayo ni majaribio mawili tofauti. Jina la aliyeshika liandike daftarini kila siku.

Na kelele. Chumba unachokiona kimya wewe, kwa panya siyo kimya. Wanasikia sauti za juu ambazo sikio letu halifiki. Panya mkubwa akiwa na dhiki hulia kwa kilohezi 22, yaani mitetemo elfu 22 kwa sekunde, na sisi tunaishia 20. Anaweza kuwa anapiga yowe, wewe upo pembeni unasikiliza taarabu kwenye simu. Taa ya zamani inayovuma, bomba linalovuja, jiko la mvuke chumba cha pili, vyote hivyo anavisikia. Sisi tulihangaika miezi mitatu na panya wasiozaa, kumbe ni feni ya kutolea hewa iliyolegea skrubu.

KigogoBoy

Mzee naomba usahihi, kwa hiyo mke wangu akisema harufu yangu inamtia mfadhaiko ni sayansi??

MzeeWaVizimba

Ukoo wa panya ndio uliopimwa, ya nyumbani kwako kayamalize na wazee 😂

DktNgombe

Nimesoma kwa furaha. Mimi ni daktari wa mifugo, nimepita SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na naomba nimwongezee MtiShamba mambo mawili ambayo mzee ameyaruka, labda kwa sababu kwake ni kawaida.

Chakula. Wanafunzi wengi fedha zikibana wananunua chakula cha kuku. Cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwa ajili ya ganda la yai, na panya hatagi. Cha vifaranga mara nyingi kimetiwa dawa ya kuzuia koksidia, vijidudu vya tumboni vya kuku. Yaani unampa panya dawa usiyoijua halafu unapima dawa yako juu yake. Na mahindi yenyewe: sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, mnaikumbuka, 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Panya mkubwa ini lake linaathirika vibaya na sumu hiyo. Ukija kupasua ukakuta ini limeharibika utasema mti una sumu, kumbe ni pumba iliyonyeshewa stoo.

Malalo. Maranda ya mafundi seremala wa Keko ni ya bure na yananukia vizuri, lakini hujui mbao ile ilipakwa dawa gani ya kuzuia mchwa. Hata ambayo haikupakwa kitu, maranda mabichi ya misonobari yana mafuta yanayolifanya ini la panya lichakate dawa haraka kuliko kawaida. Dawa yako itaonekana haina nguvu. Yaanikwe, yakaushwe kwa joto kali, ndipo yatumike.

MzeeWaVizimba

Daktari umesema kweli, na Keko nimechukua sana kabla sijajua. Siku hizi tunapitisha kila kitu kwenye mashine ya mvuke, maranda, maji, mpaka karatasi za kujengea kiota. Wape tishu ya chooni mkapate kuona ufundi, kufika asubuhi wameichambua nyuzinyuzi wamejenga kama kiota cha mnana.

Ila vitabu vya Ulaya vina pengo moja. Havisemi kitu kuhusu siafu. Mwaka wangu wa pili walipanda usiku kwenye rafu ya chini, kulikuwa na vichanga vya siku tatu. Sitasimulia. Mpaka leo miguu ya rafu zangu zote imesimama kwenye makopo ya maziwa yenye mafuta machafu ya gari. Mgeni kutoka nje alikuja kukagua akauliza ile ni teknolojia gani. Nikamwambia ya Tandale.

Na panya wa nje. Huyu ndiye adui kuliko siafu. Akipenya mmoja tu wa mtaroni analeta utitiri, analeta magonjwa, na kazi ya mwaka mzima inakwisha. Ndiyo maana mniruhusu kuwa na hasira na wale wanaoacha mlango wazi ili "upepo upite".

Kapuku_Jr

Wakuu nafasi za kazi zipo? Nina cheti cha form four na nguvu. Hata kuosha vizimba.

MzeeWaVizimba

Mdogo wangu, nafasi zikitoka hutangazwa, na cheti cha afya ya wanyama au cha maabara kitakusogeza. Sitakudanganya kuhusu mshahara, nimejenga vyumba viwili Mbagala kwa miaka 11 na ufugaji wa kuku umenisaidia.

Lakini kuna kitu waajiri hawakisemi. Mkojo wa panya una protini ambayo ikikauka inaruka na vumbi. Ukiivuta miaka, mwili wa wengine unaikataa. Inaanza mafua, macho yanawasha, watu wanasema "vumbi la maranda tu". Halafu kifua. Mwenzangu niliyeanza naye alikuwa anapiga chafya kuanzia getini, leo anatembea na dawa ya pumu mfukoni na kazi ameacha. Barakoa ya kitambaa ya kushona mtaani haisaidii hapo, dai ile inayobana uso. Dai na koti linalobaki kazini, usiende nalo nyumbani ukambebe mtoto. Na mafua yasiyoisha usiyavumilie kiume, nenda kapime mapema.

MbuWaPwani

Mzee, ninyi wa panya mnalalamikia joto, sisi wa mbu tunalililia! Nipo Bagamoyo, nafuga anofelesi, mbu wa malaria. Chumba nyuzi 27, unyevu 70 hadi 80, nikitoka humo shati unakamua. Viluwiluwi vinakula chakula cha samaki wa mapambo, wakubwa wanalamba maji ya sukari asilimia 10, na majike ndiyo wanahitaji damu ili watage. Hakuna anayenipa pole kwa mbu 43.

DktNgombe

😂 Na tusiwasahau panya buku wa Morogoro. Magawa amezaliwa pale SUA, akaenda Kambodia kunusa mabomu ya ardhini, akapewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020. Alipofariki Januari 2022 alitangazwa duniani kote. Huyo alibebwa kwa viganja tangu mchanga, na ndizi juu.

Bint_Mtoni

Nimerudi. Nimesoma yote, na nakiri nilikuja na picha nyingine kichwani. Lakini nina swali moja tu lililobaki. Mnyama hasemi. Unajuaje kwamba anaumia? Na ile siku ya mwisho yenyewe unafanyaje?

MzeeWaVizimba

Dada, anasema, ila kwa uso. Kule kule Montreal, mwaka 2010, walitengeneza kipimo cha sura ya panya mwenye maumivu: macho yanafumba nusu, pua na mashavu yanavimba, masikio yanarudi nyuma, sharubu zinabadilika. Mimi nilikuwa nayajua bila kuyapa alama. Pia asiyejenga kiota. Panya mzima ukimpa tishu jioni asubuhi kuna kiota, mgonjwa tishu unaikuta ilivyokuwa. Manyoya yamesimama kama kifaranga aliyenyeshewa. Hapo nampigia mtafiti simu, haijalishi ni saa ngapi, namwambia huyu kafika mwisho aliouandika mwenyewe kwenye fomu ya kamati. Kuna wanaobisha, "msubiri mpaka Ijumaa ndiyo siku ya data". Siku hizi nina ruhusa ya daktari wetu kutosubiri Ijumaa. Tumepigania ruhusa hiyo miaka minne.

Siku ya mwisho. Hafanyiwi mbele ya wenzake, hilo la kwanza. Anachukuliwa na nyumba yake ya bomba, chumba cha pembeni, anapewa dawa ya usingizi nyingi ya kutosha kulala moja kwa moja. Tunahakikisha moyo umesimama, hatukisii. Ninayefanya ni mimi, sipendi kumwachia mwanafunzi anayetetemeka, kwa sababu mkono unaotetemeka unakosea na anayelipa ni panya. Nikimaliza natoka nje kwa mama mmoja anayeuza chai pale getini. Huwa haniulizi kitu, ila siku hizo chai yangu anaitia tangawizi nyingi, sijui anajuaje.

Wanaonisumbua ni simbilisi. Wao kama sisi, mwili wao hautengenezi vitamini C, lazima waipate kwenye chakula, kwa hiyo kila asubuhi napita na mfuko wa hoho na majani. Wakisikia tu ule mfuko unachakarika mlangoni, wote wanapiga mbinja. Wote, kwa pamoja, chumba kizima. Kundi likiisha, asubuhi inayofuata naingia na mfuko ule kwa mazoea na chumba kiko kimya. Mara mbili hivi nimesimama pale nikiuchakarisha mfuko kama mjinga.

MtiShamba

Mzee, wiki ya pili sasa. Nimekata mabomba kwa ajili ya vizimba, nimewazoesha mkono siku saba bila kuwachoma, na napima mwenyewe tu. Sukari ya kundi la kulinganishia imetulia. Msimamizi anauliza nimenunua mashine gani.

KigogoBoy

Safi sana. Ila mzee umetuacha njiani, yule mama wa kizimba cha tisa aliendeleaje?

MzeeWaVizimba

Alijifungua tisa. Siku ile kijana wangu alinisikia, hakumgusa. Kesho yake asubuhi nikainama kuchungulia pembeni ya kiota bila kufungua wavu. Vichanga vya panya havina manyoya na ngozi yao inaonyesha ndani, kilichonyonya unakijua kwa doa jeupe tumboni, maziwa yenyewe hayo unayaona. Nikahesabu madoa. Tisa.